Shamba moja, michoro minne: upi ukate viwanja vyako Dar es Salaam?

Watu wanaokuja kwangu na shamba la familia huanza na swali lile lile: "Injinia, hapa vitatoka viwanja vingapi?" Mimi si injinia, nachora mipangomiji, lakini Dar kila mwenye ramani mkononi ni injinia, nimeshazoea. Swali lenyewe si baya. Ubaya wake ni kuulizwa la kwanza. Idadi ya viwanja utaipata kwa simu yako ukiwa umekaa kwenye daladala. Kitu ambacho simu haikwambii ni maji ya masika yatapita wapi, na fuso la mchanga litageuzia wapi.

Kwa hiyo tuchukue shamba moja tu, tulikate kwa namna nne, tuone. Ni shamba la aina unayoikuta Goba, Madale au Chanika: mbele limegusa barabara ya mtaa kwa mita 100, halafu linashuka mita 200 kuelekea bondeni. Hizo ni mita za mraba 20,000, pungufu kidogo ya ekari tano, maana ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Kutoka juu hadi chini ardhi inashuka mita 10. Ukisimama pale utasema ni tambarare. Subiri mvua.

Mkanda

Mchoro huu haujawahi kuchorwa na mtu. Huzaliwa kwenye kikao cha familia baada ya arobaini. Warithi ni sita, na kila mmoja anataka aguse barabara juu na aguse bonde chini, asije akaambiwa kapunjwa. Mita 100 zinagawanywa kwa sita, kila mtu anatoka na ukanda wa mita 16 na ushee kwa mita 200. Kwenye karatasi haki imetendeka: kila mmoja ana mita za mraba 3,333.

Mwaka wa pili mmoja anahitaji ada ya mtoto. Anauza mita 30 za mbele, kwa sababu ndizo zenye bei. Aliyefungiwa nyuma sasa ni yeye mwenyewe, na mita zake 170 zisizo na njia. Anamwendea kaka yake, kaka anampa kinjia cha mita mbili, cha mdomo, hakuna maandishi. Baadaye kaka naye anauza, mnunuzi anaweka ukuta, na kesi inahamia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Sehemu kubwa ya vichochoro vya jiji hili ambavyo bajaji haiingii havikupangwa na mtu mbaya. Vilipangwa na ndugu waliotaka usawa.

Kama shamba lako ni la mirathi, ushauri wangu ni mmoja: msigawane ardhi, gawaneni viwanja. Kateni kwanza shamba zima kama la mtu mmoja, halafu mgawane namba. Mchoro nitakaoueleza chini unatoa viwanja 40 vilivyo sawa. Warithi sita wakichukua sita sita, vinabaki vinne vya kuuza ili kulipia upimaji. Wanaogawana kwa mirathi ya Kiislamu, tuseme wana wanne na mabinti wawili, hakuna mjane wala mzazi aliyebaki, wana mafungu kumi: mwana mawili, binti moja. Viwanja 40 kwa mafungu kumi ni vinne kwa fungu, mwana nane, binti vinne. Hesabu inakaa bila mtu kukata kiwanja katikati. Mkanda hauwezi kukupa hilo hata ukiuchora kwa dhahabu.

Mgongo

Barabara moja ya mita 10 inapita katikati kutoka juu hadi chini, viwanja kulia na kushoto. Kila upande unabaki na kina cha mita 45. Ukiweka upana wa mita 15 unapata viwanja 13 kila upande, jumla 26, kila kimoja mita za mraba 675. Barabara inakula asilimia 10 tu ya shamba.

Madalali wanaupenda mchoro huu, na ninaelewa kwa nini: unauza karibu asilimia 88 ya ardhi. Tatizo ni umbo. Kiwanja cha mita 15 kwa 45 ni chembamba kama bogi la treni. Acha mita moja na nusu kila upande, unabaki na mita 12 za kujenga, na nyuma ya nyumba kunabaki uwanja mrefu ambao mwenyewe hajui aufanyie nini. Atakachofanya kinajulikana. Atajenga vyumba vya wapangaji nyuma, au atamuuzia mtu "kipande cha nyuma", na mkanda umerudi kwa mlango wa uani.

Reli

Sasa weka barabara mbili za mita 10 zinazoshuka sambamba, na safu nne za viwanja vyenye kina cha mita 20. Zikate kwa barabara mbili za kukingama, moja katikati ya shamba na moja chini kabisa. Viwanja vinatoka 36, kila kimoja ishirini kwa ishirini, yaani mita za mraba 400.

Ishirini kwa ishirini ndiyo lugha ya soko la Dar, kwa hiyo vinauzika bila maelezo mengi. (Angalia tu ishirini ya nani. Anayepima kwa hatua, hatua yake ikiwa sentimita 75, ishirini kwa ishirini yake ni mita 15 kwa 15, mita za mraba 225. Umepoteza karibu nusu ya kiwanja na bado mmeshikana mikono.)

Barabara zimekula asilimia 28. Hapo ndipo wazee huguna. "Mwanangu, unanigawia shamba langu kwa magari ya watu?" Namjibu: mzee wangu, tembea Kariakoo. Mitaa ile ilinyooshwa tangu enzi za Wajerumani, kabla hata Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, hakijalipa eneo hilo jina. Nyumba za udongo zimeondoka, yamekuja maghorofa, lakini barabara ni zile zile. Sinza nayo, iliyopimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma: nyumba nyingi zimegeuka fremu, gesti na baa, mtaa uko pale pale. Ukuta utavunjwa na mjukuu. Barabara ukiipanga vibaya hata mjukuu hawezi kuivunja, kwa sababu pembeni yake wameshakaa watu arobaini.

Kitana

Barabara moja ya mita 10 inashuka pembezoni mwa shamba, upande mmoja, mita 200 zote. Kutoka kwake yanatoka meno manne ya kuingia ndani, kila moja mita 90, kila moja na safu ya viwanja juu yake na safu chini yake. Safu mita 20, barabara mita 10, safu mita 20: hiyo ni mita 50, na mara nne ni 200 kamili. Kila safu ina mita 90, ukigawa kwa 18 unapata viwanja vitano. Safu nane kwa vitano ni viwanja 40 vya mita za mraba 360. Ukitaka vikubwa, gawa kwa 22 na nusu: viwanja 32 vya mita za mraba 450.

Tuviweke pamoja:

| Mchoro | Viwanja | Kimoja (mita za mraba) | Urefu wa barabara | Ardhi ya barabara |
|---|---|---|---|---|
| Mkanda | 6 | 3,333 | hakuna | hakuna |
| Mgongo | 26 | 675 | mita 200 | asilimia 10 |
| Reli | 36 | 400 | mita 560 | asilimia 28 |
| Kitana | 40 | 360 | mita 560 | asilimia 28 |

Tazama mistari miwili ya mwisho. Urefu wa barabara ni ule ule, ardhi iliyoliwa ni ile ile, na eneo la kuuza ni lile lile, mita za mraba 14,400. Mtu wa hesabu angesema chagua yoyote. Mimi nimekaa na michoro hii miwili zaidi ya mingine yote kwa sababu tofauti yake haionekani kwenye jedwali: kwenye reli, mita 400 za barabara zinashuka na mteremko. Kwenye kitana ni mita 200.

Barabara ya udongo inayoshuka moja kwa moja ni mfereji ulioupa jina la mtaa. Masika ya Machi hadi Mei yanapofika, maji yanapata mita 200 za kukimbia bila kizuizi. Mwaka wa kwanza yanachora mstari. Mwaka wa pili mstari unakuwa mtaro. Wa tatu wakazi wanamwaga kifusi na vipande vya matofali, wa nne bodaboda zinapita kwenye uwanja wa mtu. Kwenye reli una mifereji ya namna hiyo miwili ya kujengea kwa mawe. Kwenye kitana una mmoja, ule wa pembeni, na ukiujenga vizuri mara moja meno yote manne yanamwagia humo. Meno yenyewe yasiwe bapa kabisa. Yape mwinamo mdogo kuelekea barabara kubwa, hata sentimita 90 kwa mita zote 90 zinatosha kuyasogeza maji.

Kitana si malaika, lakini. Kila jino lina safu iliyo juu ya barabara na safu iliyo chini yake. Kwenye mteremko wetu kiwanja chenye kina cha mita 20 kinashuka mita moja toka mbele hadi nyuma. Wa safu ya chini wanapokea maji ya barabara mlangoni, na karo la jirani wa juu linavujia kuelekea msingi wao. Mfereji mkuu wa jino uwekwe upande wa juu wa barabara, na mnunuzi wa safu ya chini aambiwe mapema kwamba msingi wake utapanda. Mwenye haki ya bei nafuu zaidi ni yeye. Kwenye reli, mteremko unakwenda ubavuni mwa kiwanja: jirani mmoja yuko juu yako kwa mita moja, mwingine yuko chini yako kwa mita moja, na ukuta wa mpaka ndio unaobeba udongo. Ukuta wa tofali uliojengwa kwa ajili ya uzio hauwezi kazi hiyo.

Kasoro ya pili ya kitana ni ncha za meno. Gari la majitaka haliwezi kurudi kinyumenyume mita 90, na zimamoto likiingia usiku halijui kama mtaa umekufa mbele. Ama kata kona za viwanja viwili vya mwisho upate pa kugeuzia, ama uache jino liguse mpaka wa jirani likiwa wazi, siku jirani akipima shamba lake mitaa iunganike. Napendelea la pili, kwa sharti kwamba hakuna anayeruhusiwa kuweka geti pale mwisho. Wataliweka ukiwaacha.

Na reli ina jambo moja linaloishinda kitana waziwazi: ile barabara ya chini kabisa. Inapita kati ya viwanja na bonde, kwa hiyo nyumba zinalitazama bonde usoni. Kwenye kitana safu ya mwisho inaligeuzia bonde mgongo, na bonde lililogeuziwa mgongo Dar es Salaam linakuwa jalala ndani ya mwaka. Ukichora kitana, lipe bonde japo njia ya miguu ya mita nne.

Kabla ya kuchora lolote

Mambo mawili yanaweza kulifupisha shamba lako kabla penseli haijagusa karatasi.

La kwanza ni mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Kama chini ya shamba letu kuna mto unaogusa mpaka, mita 60 kwa 100 ni mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Zinabaki mita 140. Mgongo unashuka hadi viwanja 18, reli 24, kitana 25. Mtu akikuonyesha mchoro wenye viwanja 40 hadi kwenye maji, anakuuzia mafuriko. Wakazi wa Bonde la Msimbazi waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011 walihamishiwa Mabwepande. Viwanja vya bondeni na wao waliwahi kuviona vya bei nzuri.

La pili ni barabara kuu. Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa, kila upande. Shamba linalogusa barabara ya namna hiyo lipimwe kuanzia pale hifadhi inapoishia, na wala si pale mwembe wa babu ulipo.

Yakishapita hayo, nenda ukaone shamba wakati mvua inanyesha. Nasema kweli. Vaa viatu vya mpira, simama juu, tazama maji. Nimewahi kuchora kitana kizuri kabisa kwa kutumia picha ya setilaiti, nikaenda baada ya mvua nikakuta maji ya mtaa mzima wa juu yanaingia kwa kona ambayo mimi nimeweka kiwanja namba 3. Kiwanja namba 3 kikawa mfereji, tukabaki na 39. Afadhali kukipoteza kwenye kompyuta kuliko mahakamani. Bikoni, yaani alama za mipaka, zikishapandwa na ramani ya upimaji ikaidhinishwa, kusogeza mstari mmoja ni kuanza safari upya: mtaalamu wa mipangomiji, halmashauri, mpima, kila mmoja na ada yake.

Jirani, na ukubwa wa barabara

Kwenye kitana barabara ya pembeni inamgusa jirani kwa mita 200. Umemtengenezea uso wa barabara bure. Usikasirike, kaa naye. Akitoa mita tano na wewe tano, safu zako zinakuwa mita 95, viwanja vile vile 40 vinapanda hadi mita 19 kwa 20, yaani 380. Umepata mita za mraba 800 za kuuza kwa kikombe cha kahawa. Muandikishane tu, na serikali ya mtaa iwepo.

Wapo wanaotaka kuyapunguza meno hadi mita nane. Hesabu yake: mita mbili mara 90 mara manne ni mita za mraba 720, sawa na viwanja viwili. Mita 10 zinabeba njia ya magari ya mita sita, mifereji ya mita moja kila upande, na mita moja nyingine kila upande kwa nguzo za umeme na bomba la maji. Ukikata mbili, sijui utamwambia nani asogee, TANESCO au DAWASA. Mimi mita nane naikubali kwenye jino fupi lenye nyumba chache. Sita sikubali popote.

Eneo la wazi liweke mbele, pale kila mtu anapopita akitoka kazini. Wengi huweka kona ya nyuma iliyoshindikana kuuzika, na kona hiyo ndiyo inayoamka siku moja ina msingi wa mtu.

Basi upi?

Kwa shamba hili la mteremko ningechukua kitana, cha viwanja 32 kama familia haina haraka ya fedha, cha 40 kama wanagawana. Safu ya kwanza ya juu ningeigeuza itazame barabara ya mtaa, wanaotaka fremu za biashara wapate zao pale, na jino la kwanza lisiwe na maduka.

Shamba likiwa tambarare la mchanga, kama maeneo mengi ya Kigamboni, ningechukua reli bila kufikiri mara mbili. Mchanga unakunywa maji, hakuna wa juu wala wa chini, na barabara zilizofunguka pande zote mbili zinapunguza ugomvi wa magari. Ukiweza kuchagua mwelekeo, panga nyumba zitazame kaskazini na kusini ili ubavu mrefu usichomwe na jua la jioni, na madirisha yapate kusi na kaskazi.

Mgongo nimeusema vibaya, lakini kuna mahali unapendeza: shamba la ekari moja. Chukua mita 63 kwa 64. Barabara ya mita nane katikati, kina cha mita 27 na nusu kila upande, upana wa mita 16: viwanja vinane vya mita za mraba 440, na barabara ni mita 64 tu. Hapo reli ingekula ardhi bure na kitana kisingepata meno. Mzee mmoja alikuwa na ekari yake moja na watoto wanane. Nilipomwonyesha aliangalia mchoro, akahesabu kwa kidole mara mbili, akauliza: "Na mimi nitakaa wapi?"

Tulichora upya, viwanja tisa.